Fremu mbili, mlango mmoja

Mtaani kwetu Tabata kuna duka la dawa muhimu lililopangisha fremu mbili. Fremu ya kwanza ina kaunta ya kioo, mzani wa kupimia uzito, kalenda ya kampuni ya dawa na koti jeupe linaloning'inia msumarini. Fremu ya pili ina unga, sabuni za vipande, soda, vocha na, pembeni ya kaunta, paketi ya sigara iliyofunguliwa. Kwenye nondo za dirisha lake kimefungwa kiberiti cha gesi kwa kamba ya katani ili mteja awashe bila kuondoka nacho. Katikati ya fremu hizo ukuta umetobolewa mlango. Muuzaji ni mmoja, binti wa miaka ishirini na kitu, na kutwa nzima anapita mlangoni hapo kama mpishi kati ya jiko na sebule.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya kijana wa bodaboda, kofia ngumu kwapani, anakohoa kile kikohozi kinachoanzia tumboni. "Dada, nipe ile ya kikohozi, chupa ndogo." Akapewa, akaelekezwa: kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni. Akalipa, kisha akaongeza: "Na fegi moja." Binti akapita mlangoni, akarudi na sigara moja kati ya vidole, akampa pamoja na chenji. Kijana akazunguka nje mpaka kwenye kamba, akawasha, chupa ya dawa ikiwa imevimba kwenye mfuko wa koti.

Binti hakuona ajabu. Mimi niliona, ila siko mahali pa kumnyooshea mtu kidole. Nimevuta miaka kumi na tisa.

Nimekuwa nikilifikiria tukio hilo kila ninaposikia mjadala wa maduka ya dawa kuacha kuuza tumbaku. Kwa mtu wa Dar swali lenyewe linasikika la kigeni. Famasi kubwa za Kariakoo na Posta ninazozijua hazina sigara kwenye kaunta, na anayeulizia humo ataangaliwa kama aliyeingia msikitini na viatu. Ugomvi huu ulipamba moto Marekani, ambako famasi ni nusu supamaketi: unapokewa na chipsi, shampuu na kadi za harusi, dawa ziko mwisho kabisa wa duka, na sigara zilipangwa nyuma ya keshia, karibu na mlango wa kutokea. Mgonjwa wa pumu alichukua dawa yake kule nyuma, halafu akapishana na ukuta wa sigara akienda nyumbani.

San Francisco lilikuwa jiji la kwanza nchini humo kupiga marufuku jambo hilo, mwaka 2008. Jimbo la Ontario kule Kanada lilikuwa limeshafanya hivyo tangu 1994. Lakini kilichowafanya watu wasikilize ni uamuzi wa CVS, moja ya kampuni kubwa kabisa za famasi Marekani, ambayo mwezi Septemba 2014 iliondoa tumbaku kwenye maduka yake zaidi ya 7,000 bila kulazimishwa na sheria ya nchi. Mauzo iliyoyaacha yalikadiriwa kuwa dola bilioni 2 kwa mwaka. Zinasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba kampuni hiyo ilikuwa inaingiza zaidi ya dola bilioni 120 kwa mwaka. Ilikata kucha, haikukata kidole. Na ikapata malipo yake: ikajiita CVS Health, ikaenda kutafuta kazi za hospitali na kampuni za bima ikiwa na mikono isiyonuka moshi. Rais Obama aliisifu. Naye alikuwa mvutaji aliyejulikana kwa kutafuna bigijii za nikotini ili asirudi kwenye sigara. Bigijii hizo nitazirudia, maana ndizo hasa zilizonifanya niandike.

Kulikuwa na tija? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba watu waliokuwa wakinunua sigara CVS peke yake walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 38, wa kuacha kabisa kununua sigara, wakilinganishwa na wanunuzi wa maduka mengine. Baadhi ya watafiti walikuwa waajiriwa wa kampuni hiyo hiyo, na hilo msomaji aliweke akilini. Hata hivyo namba hiyo haishangazi. Mtu anayetaka kuacha, lakini hajaamua, anahitaji kikwazo kidogo tu: kuwasha gari upya, kuendesha mpaka kituo cha mafuta, kupanga foleni ya pili. Uvivu nao unaponya.

Sasa lete dawa hiyo ya uvivu Dar es Salaam uone. Hapa mvutaji hatembei kuitafuta sigara, sigara ndiyo inayotembea. Kaa kituoni Mwenge au Mbagala Rangi Tatu dakika tano, utasikia mlio wa sarafu zinazochezeshwa kiganjani, chaka-chaka-chaka, na aliyekulia mjini hahitaji kugeuka kujua nani anapita: ni kijana mwenye boksi lake kifuani, karanga upande huu, pipi upande ule, sigara katikati. Unanunua moja, unawashiwa, daladala yako inaingia. Hujashika paketi, kwa hiyo hujasoma hata lile onyo kwamba uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako. Onyo hilo husomwa na muuzaji pekee, naye ameshalizoea kama ukuta wa nyumbani kwao.

Kwa hiyo anayesema kuwa marufuku kwenye maduka ya dawa yatapunguza uvutaji Dar anajidanganya. Mteja wa CVS alikuwa amefungwa na umbali, na huyu wetu hafungwi na chochote. Ukiondoa paketi ile ya Tabata leo, yule kijana wa bodaboda atapata fegi yake kabla hajavaa kofia.

Pamoja na hayo, nasema iondolewe, kwa sababu duka la dawa la mtaani ni hospitali ya kwanza ya watu wengi wa jiji hili. Mtu akiumwa hakimbilii zahanati. Anavuka barabara, anamweleza binti wa dukani, na binti anaamua. Mpango wenyewe wa maduka ya dawa muhimu ulianzishwa kwa kulijua hilo: ulianza mwaka 2003 mkoani Ruvuma, wauzaji wakapewa mafunzo, maduka yakapewa vibali na orodha ya dawa yanazoruhusiwa kuuza, ili mtu aliye mbali na mfamasia asibahatishe uhai wake. Mwaka huohuo 2003 Bunge letu lilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, iliyokataza pamoja na mengine kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Na mwaka huohuo shirikisho la kimataifa la wafamasia lilitoa msimamo wake kwamba sehemu za kutolea dawa zisiuze tumbaku. Ruvuma nayo ni mkoa unaolima tumbaku. Mambo manne yaliishi mwaka mmoja bila kusalimiana.

Rudi kwa yule kijana na kikohozi chake. Tanzania iko kwenye kundi la nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na mvutaji yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu kuliko asiyevuta. Muuza dawa aliyefundwa anajua maswali mawili ya kumuuliza mtu anayekohoa: umeanza lini, na unavuta? Wiki mbili zikipita, mtu huyo anatakiwa kupimwa makohozi, siyo kupewa chupa ya pili. Lakini binti yule atauliza vipi "unavuta?" wakati jibu amelishika mkononi? Sigara ile inamziba mdomo. Hapo ndipo hasara yenyewe ilipo: swali halikuulizwa. Hesabu ya sigara ngapi zimeuzwa upande wa pili ni ndogo ukiilinganisha na hilo.

Mwenye duka ana hoja, na siyo ya kubeza. Nilimkuta Jumapili moja, mama wa makamo, anahesabu mauzo. Nilipomgusia suala la sigara alicheka kwanza. "Baba, dawa zinakaa. Naagiza, zinasubiri, nyingine zinakwisha muda wake rafuni. Sigara haijawahi kuniharibikia. Anayekuja kwa sigara ananunua na soda, na maji. Kodi ya fremu mbili inalipwa na hii," akagonga kaunta ya upande wa pili kwa kifundo cha kidole. "Na nikiacha, Mangi wa kona pale atanishukuru sana."

Nilikosa jibu la haraka, na sasa ninalo nusu tu. Mangi wa kona hana koti jeupe. Hakuna anayemwamini Mangi kwenye homa ya mtoto. Imani ile inayomleta mgonjwa kwenye fremu ya kwanza imetokana na kibali kilichotundikwa ukutani, na kibali hicho alikiomba mwenyewe. Ukivaa kanzu ya kuswalisha, hata mtaani hutukani. Baraza la Famasia halina haja ya kuvizia kona za jiji zima. Liseme tu kwamba fremu yenye kibali cha dawa isiwe na mlango unaofungukia kwenye sigara, na muuza dawa asiwe muuza sigara wa zamu hiyo hiyo. Ni fundi mmoja, tofali chache na mfuko wa saruji.

Wapo watakaoleta habari za wakulima wa Urambo na Chunya, na kiwanda cha sigara kilichopo hapa hapa Chang'ombe, na kodi ambayo Hazina inakusanya. Hayo ni mazito, lakini siyo ya mlango huu. Hakuna mkulima atakayelala njaa kwa sababu duka la dawa la Tabata limeacha kuuza fegi.

Nikiishia hapa nitakuwa nimeandika makala rahisi: sigara mbaya, dawa nzuri, zitenganishwe. Ugumu unaanza mlango ukishazibwa. Yule kijana atabaki upande wa dawa, na upande wa dawa hauna cha kumpa.

Hili nalijua kwa miguu yangu. Nilipoamua kuacha niliingia famasi tatu siku moja, nikiulizia bigijii au plasta za nikotini. Ya kwanza wakanipa peremende za koo. Ya pili mhudumu alidhani nataka sigara ya kielektroniki, akanielekeza duka la simu. Ya tatu mfamasia alinielewa vizuri kabisa, akasema kwa upole: "Hiyo tunaleta kwa oda, mzee. Wateja wake ni wazungu." Nikatoka. Nje palikuwa na kijana anachezesha sarafu.

Neno lile la "wazungu" lilinikaa moyoni, maana limebeba imani kwamba sisi hatuhitaji dawa ya kuachia sigara. Kwetu sigara ni tabia tu, na tabia mtu huiacha akiwa mwanaume. Tazama basi mwezi wa Ramadhani. Nikotini hupungua nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi. Mfungaji aliyepiga fegi yake ya mwisho kabla ya adhana ya alfajiri, ikifika magharibi, saa kumi na tatu baadaye, amebaki na chini ya asilimia 2 ya ile aliyoanza nayo. Amefunga, ameweza, hana mashaka na nia yake. Halafu adhana inaadhiniwa, anakula tende moja, anakunywa maji, na kabla ya uji kupoa yuko nyuma ya nyumba anavuta, mikono ikitetemeka kidogo. Namjua vizuri, kwa sababu ni mimi wa miaka mingi. Huyu hakosi dini wala hakosi uanaume. Ana arosto, mwili unadai nikotini yake. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali kuliko zote, na kila jioni mfungaji anaikatisha safari ile pale pale ilipoanza kuwa ngumu, kesho anaanza upya. Anafunga siku ya kwanza mara thelathini, hajawahi kuifikia ya nne.

Plasta na bigijii zilitengenezwa kwa ajili ya siku hizo. Zinatoa nikotini polepole, bila moshi wala lami, mwili ukishushwa ngazi baada ya ngazi badala ya kurushwa kutoka ghorofani. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonesha kwamba zinaongeza uwezekano wa kuacha kwa kiasi cha asilimia 50 mpaka 60. Siyo muujiza. Wanaojaribu kwa nguvu zao tu ni wachache mno wanaofika mwaka, kwa hiyo hata ukiongeza nusu juu ya kidogo bado ni kidogo, na wengi wataanguka na kujaribu tena. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwaka 2021 likaongeza vidonge vya kuachia sigara, vareniklini na bupropioni, na mwongozo wake wa 2024 ukataja pia sitisini, dawa inayotokana na mmea, ambayo Ulaya Mashariki wameitumia tangu miaka ya sitini. Tanzania ilijiunga na mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu chake cha 14 kinazungumzia hili hasa: kumsaidia anayetaka kuacha.

Na jiji hili haliwezi kusema halijui jambo la namna hiyo. Mwaka 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, kwa waraibu wa heroini, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Kila asubuhi watu wanapanga foleni, wanakunywa dozi yao mbele ya muuguzi, wanaondoka kwenda kutafuta riziki. Dar ilikuwa mbele ya majiji mengi ya Afrika kukubali kwamba arosto ni ugonjwa unaotibiwa, na kwamba mtu haachi unga kwa kukemewa. Tulilikubali hilo kwa teja wa Kinondoni, tukalikataa kwa babu anayekohoa barazani. Sababu mojawapo naielewa: teja anatisha, anaiba kioo cha gari. Mvutaji hasumbui mtu, anakufa kimya kimya na kwa adabu.

Wala wavutaji siyo wachache kama inavyodhaniwa. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wanatumia tumbaku ya aina moja au nyingine, wanaume wakiwa asilimia 14.6 na wanawake 3.2. Hao ni kama watu milioni 2.6, ugoro na vingine vikihesabiwa. Duniani tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka.

Sasa kwa nini famasi haziweki? Watu husema ni bei, na nadhani wanakaribia ukweli bila kuugusa. Sigara nayo ni ghali ukiinunua kwa paketi, na wengi wa wateja wa dirisha lile la Tabata hawana hela ya paketi. Wana hela ya moja. Wauza sigara walilijua hilo zamani: mfuko wa mtu wa Dar hufunguliwa kila siku na kwa kidogo kidogo, kwa kipimo cha mafuta ya kula kwenye kijichupa na luku ya elfu moja. Kuuza moja moja ndiyo siri yote ya biashara yao hapa, na siyo bahati kwamba mkataba ule wa dunia unazitaka nchi zijitahidi kukataza uuzaji huo. Anayeleta bigijii za nikotini kwenye boksi zima, mteja alipe zote kwa mkupuo mmoja, ameleta bidhaa ya mwenye mshahara wa benki, halafu anahitimisha kwamba Waswahili hawataki kuacha.

Na upande wa dawa wanajua kabisa kuuza rejareja. Kwenye kaunta ile ya kioo kuna mkasi. Binti anaushika mara hamsini kwa siku: anachukua karatasi ya Panadol, anakata mbili, anarudisha zilizobaki kwenye boksi. Bigijii za nikotini nazo zinakuja kwenye karatasi za namna hiyo. Mbili za asubuhi, mbili za jioni, kwa bei isiyozidi fegi alizokuwa anunue siku hiyo. Bohari ya Dawa ingeagiza kwa wingi, kodi ya sigara ikachangia kushusha bei, na muuzaji akapewa nusu siku ya mafunzo ajue nani apewe ya nguvu zaidi na nani apelekwe hospitali. Hapo kuziba mlango kungekuwa na maana, na yule mama angekuwa na kitu kinachotoka kila siku rafuni.

Wiki iliyopita nilipita tena kununua dawa ya minyoo. Hakukuwa na watu, nikamweleza binti habari ya bigijii hizo. Alisikiliza huku anakata Panadol za mtoto aliyetumwa na mama yake. Akaniuliza zinaonja vipi, nikamwambia kama pilipili manga iliyochanganywa na mnanaa. Akacheka. Akasema bodaboda wa kituoni hapo wanne wameshamwomba dawa ya kuacha, mmoja alimwambia amkatalie akija kuomba fegi, akamkatalia siku mbili, ya tatu jamaa akaenda kwa Mangi.

"Zikija nitazikata mbili mbili," akasema. "Zitakuwa bei gani, mzee?"

Bei ndiyo sikuwa nayo.